Bosi kasema "huna watu": kweli mahusiano yanaweza kumwangusha meneja wa ofisi?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa hapa hapa Tabora mjini, nalifupisha kidogo:

"Shikamoo mama. Mimi ni meneja wa ofisi kwenye kampuni inayosambaza pembejeo kwa wakulima, nilihamishwa kutoka Dar mwaka jana. Mafaili yangu yako sawa, pesa ya matumizi madogo madogo haijawahi kupishana hata shilingi, kila mkataba najua unaisha lini. Lakini kwenye tathmini bosi kaniambia makaratasi yangu mazuri ila sina watu. Ni kweli habari zinanifikia za mwisho. Lori limeharibika njia ya Sikonge Jumamosi, mi nimejua Jumanne. LUKU imeisha katikati ya kuprinti karatasi za mishahara, kumbe watu watatu walijua tangu asubuhi uniti zinakaribia kuisha. Mzee wa stoo ananiruka anaenda moja kwa moja kwa bosi. Sasa mi sio mtu wa kuchekacheka, ndo nilivyozaliwa. Je hii kweli inahesabika kwenye utendaji wangu au naonewa? Na kama inahesabika nafanyaje?"

Marahaba mwanangu. Nikujibu swali lenyewe kwanza usije ukahangaika kusoma hadi chini: huonewi. Ila maneno "huna watu" ni maneno ya kivivu, bosi alitakiwa akwambie ubadilishe nini hasa, kwa hiyo ngoja mi nifanye hiyo kazi yake.

Hebu tuangalie kwanza wewe unazalisha nini pale. Mhasibu mwisho wa mwezi anatoa hesabu, unaziona. Dereva anafikisha mifuko ya mbolea, mabwana shamba wanazunguka Urambo na Kaliua wanarudi na orodha ya wakulima. Wewe unachotoa ni kwamba hao wote hawakukwama, basi, ndo maana kazi yako ikienda vizuri hakuna anayeiona na ikienda vibaya hata mlinzi anaijua. Na ili wasikwame lazima ujue mapema wanakaribia kukwama wapi, na hiyo habari haiko kwenye faili lolote, iko vichwani mwa watu, na hakuna kifungu cha mkataba wa ajira kinachomlazimisha dereva aje akwambie kwamba leo amesikia gia inalia tofauti kidogo. Anakwambia akipenda.

Afu angalia na mamlaka yako. Dereva ana msimamizi wake, mhasibu anaripoti kwa bosi, mabwana shamba wana mratibu wao, wewe unaweza kumwamuru nani hasa zaidi ya mhudumu wa usafi na yule binti wa mapokezi? Wengine wote unawaomba, hata kama kwenye barua yako ya uteuzi imeandikwa kwa lugha nzito. Mtu anayeendesha ofisi kwa kuomba, mahusiano kwake ndo vitendea kazi, kwa hiyo mi huwa nashangaa watu wakiyaita mambo ya ziada.

Na hili halijaanza jana wala halijaanza na bosi wako. Mwaka 1955 Mmarekani mmoja anaitwa Robert Katz aliandika kwenye jarida la Harvard Business Review kwamba kiongozi wa kazi anahitaji ujuzi wa aina tatu: wa kazi yenyewe, wa kufanya kazi na watu, na wa kuona taasisi nzima inavyoshikana. Akasema unavyopanda cheo ule wa kwanza uzito wake unapungua na ule wa tatu unaongezeka, lakini ule wa watu unatakiwa ngazi zote. Wewe umepandishwa kwa sababu ya ule wa kwanza, na ni haki yako, sasa umefika kwenye kiti ambacho huo peke yake hautoshi. Hapa Tabora tungepaswa kulijua hili kuliko wengine, maana makatibu muhtasi wengi wa nchi hii wamepita Chuo cha Uhazili, ambacho siku hizi ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, na yeyote aliyefanya kazi na wale wa zamani anakumbuka kuna aliyekuwa na hatimkato safi na taipu ya haraka lakini hakai mlangoni kwa mkurugenzi hata mwaka, kwa sababu wageni walikuwa wanaogopa kumwachia ujumbe.

Sasa tuje kwenye LUKU, maana hapo ndo pamenigusa. Watu watatu walijua na hakuna aliyesema. Wewe pengine umeshahitimisha kwamba ni wazembe au wanakuchukia. Kuna utafiti mmoja naupenda sana, wa Amy Edmondson, wakati huo alikuwa bado anasoma shahada ya udaktari Harvard. Alikuwa anaangalia makosa ya kuwapa wagonjwa dawa kwenye wodi za hospitali huko Marekani, akitegemea kwamba wodi zenye uongozi mzuri na watu wanaoelewana zitakuwa na makosa machache. Namba zikatoka kinyume, zile wodi nzuri ndo zilionekana zina makosa mengi! Alipochimba zaidi akaona maelezo ya maana ni kwamba kwenye wodi nzuri watu walikuwa wanayasema makosa, na kwenye zile za mkuu mkali walikuwa wanayafunika. Matokeo aliyatoa 1996, na 1999 akaandika zaidi kuhusu ile hali ya mtu kujiona salama kusema jambo baya mbele ya wenzake na mkuu wake.

Ukiielewa hiyo utaelewa kwa nini ofisi iliyo kimya isikufurahishe. Wewe umezoea kwamba siku ambayo hakuna aliyeleta tatizo ni siku nzuri, wakati inawezekana ni siku ambayo matatizo yamepelekwa kwingine, kwa bosi, au kwa dereva mwenzake, au kwenye kibanda cha chai pale nje.

Kwa hiyo swali langu kwako ni hili: mara ya mwisho mtu alipokuletea habari mbaya, maneno yako ya kwanza yalikuwa yapi? Mi sipo ofisini kwako, lakini watu wa mafaili wengi ninaowajua neno la kwanza ni "nani?" au "kwa nini hukuniambia mapema?" Ni maswali halali kabisa, tatizo ni muda wake. Dereva kasimama mbele yako, lori liko porini, mbolea iko juu, utingo kalala chini ya gari, na wewe unaanza na nani. Huyo dereva kesho gari likileta dalili hakupigii, atampigia fundi anayemjua wahangaike wenyewe na wewe utajua Jumanne kama ulivyojua. Anza na "asante kwa kunipigia, uko salama? mko sehemu gani, mna maji na chakula?" afu tafuta fundi na spea, na lile la nani na kwa nini liulize gari likisharudi, mlango umefungwa, wawili tu. Uwajibikaji upo pale pale, haujapungua hata kidogo, umeusogeza tu siku mbili mbele.

Hilo la kuchekacheka tulimalize haraka. Hakuna aliyekwambia uchekecheke, na ukianza ghafla Jumatatu watu watajiuliza umepatwa na nini. Watu wa huku hawadai tabasamu, wanadai salamu, na salamu yenyewe iwe salamu. Dar mnasalimiana mkiwa mnatembea, "mambo, poa, ile ripoti vipi", mtu hajajibu umeshapita. Hapa ukimkuta mlinzi mzee getini unampa shikamoo yake hata kama wewe ndo unasaini mahudhurio yake, unasimama, unaulizwa za nyumbani, unauliza za nyumbani, na ukijifunza kusema mwangaluka, salamu ya Kinyamwezi ya asubuhi, na kusubiri kuitikiwa hakuna atakayekucheka, au watakucheka kwa matamshi na hiyo nayo ni faida. Unaweza kufanya yote hayo na sura yako hiyo hiyo ya kazi. Nawajua mabosi wakavu kweli kweli ambao ofisi nzima inawaletea siri zao, kwa sababu anakumbuka kwamba wiki iliyopita ulisema mtoto anaumwa na leo anakuuliza anaendeleaje, basi hana kingine. Wewe kumbukumbu unayo nzuri, mikataba yote unaijua inaisha lini, ielekeze na huku.

Lakini kuna kitu ambacho kwa maoni yangu kinazidi salamu zote na hakizungumzwi kwenye semina, nacho ni marejesho ya hela. Dereva kapata pancha Sikonge, kaziba kwa hela yake ya mfukoni, fundi wa njiani hana risiti ya EFD wala ya kuandika kwa mkono, anarudi ofisini unamwambia bila risiti siwezi. Kitaratibu uko sahihi. Na huyo ndo mtu unayetegemea akupigie Jumamosi! Hesabu zako hazijawahi kupishana hata shilingi, nakupongeza kutoka moyoni, ila nina wasiwasi sehemu ya huo usafi imelipiwa na mifuko ya madereva. Kaa na mhasibu mtengeneze fomu ya malipo yasiyo na risiti, yenye kiwango cha juu mtakachokubaliana na bosi, jina la sehemu, namba ya simu ya fundi, saini ya dereva na ya shahidi aliyekuwa kwenye gari, na mkubaliane fomu ikikamilika hela inatoka ndani ya siku mbili. Mkaguzi akija ana karatasi ya kushika. Mhasibu atakwambia wa kodi watayakataa hayo matumizi, mwambie anaweza kuwa na haki ndo maana kuna kiwango cha juu, afu linganisha na gharama ya lori kulala porini tangu Jumamosi hadi Jumanne na mvua inanyesha juu ya mbolea.

Misiba. Hapa nitakaa kidogo maana naona vijana wengi wanaotoka nje ya mkoa wanaangukia hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za ruhusa yenye malipo, ndani ya mzunguko wa miezi 36, kwa ugonjwa au kifo cha mtoto, au kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Siku za nyongeza mwajiri anaweza kumpa lakini bila malipo. Sasa anakuja mtu anakwambia baba yangu amefariki Nzega, unafungua faili lake unaona baba yake alishafariki miaka mitatu iliyopita na ruhusa alipewa. Wewe kwa akili ya mafaili unaona uongo. Yeye anamzungumzia baba mdogo, aliyemlea, na kwake huyo ni baba, hajadanganya mtu. Ukimwambia "baba unao wangapi?" umemaliza kila kitu kati yenu, na hiyo kauli itafika Nzega msibani kabla yake.

Cha kufanya: pole kwanza, na pole ya kukaa kitini. Afu mwambie ukweli wa sheria kwa upole, kwamba baba mdogo hayumo kwenye zile siku 4, ila likizo yake ya mwaka ya siku 28 ipo, mnaweza kukubaliana achukue siku kadhaa humo, au bosi akiridhia apewe ruhusa isiyo na malipo, na uiandike siku hiyo hiyo asije akaonekana mtoro. Toa na rambirambi ya ofisi, hata kama ni ndogo, na kama gari lina safari ya Nzega watu wawili wapande waende kuzika. Hutavunja sheria hata moja. Na huyo akirudi ndo anakwambia uniti zinaisha.

Kwenye grupu la WhatsApp la ofisi usimtaje mtu kwa kosa lake. Hata kwa "kuna mtu hapa", maana wote wanamjua. Hilo halihitaji maelezo.

Mzee wa stoo sasa. Mtu anamruka meneja kwa sababu mbili, ama ukimwendea wewe jambo linakwama, ama kwa bosi kuna utamu, anasikilizwa, anapewa chai, anatoka na jibu. Mara nyingi zote mbili zipo. Ya pili huwezi kuimaliza mwenyewe kwa hiyo nenda kwa bosi, usiende na malalamiko, nenda na ombi, mwambie: mzee akija na jambo la stoo umuulize tu "umeshaongea na meneja?" na kama bado umrudishe kwangu. Bosi akishindwa kufanya hilo dogo basi na yeye ana sehemu yake kwenye hiyo tathmini yako, na unaweza kumwambia kwa adabu. Mabosi wengi wanapenda kurukiwa, inawafanya wajione wanapendwa na watu wa chini, na meneja wa ofisi ndo anaumia.

Ya kwanza iko mikononi mwako. Usimwite ofisini, nenda stoo. Huyo nadhani kakuzidi umri kwa mbali, kwa hiyo shikamoo kama kawaida na usimwite kwa jina kavu, mwite mzee wangu. Usiende siku ya kuhesabu mzigo na daftari kubwa mkononi, atajua umekuja kukagua. Mwambie kitu kama: "Mzee wangu, wewe hii stoo unaijua kabla mimi sijaijua Tabora, nataka unionyeshe mzigo ukiingia unapata shida wapi." Afu nyamaza. Kunyamaza ni nusu ya kazi, watu wa utawala tunapenda kujaza ukimya na maelekezo. Atakutajia mambo matatu manne, mengine ya kweli mengine ya kuzunguka, wewe chagua moja dogo ambalo unaweza kulimaliza wiki hiyo hiyo, sijui taa imeungua, sijui mizani haisomi vizuri, na ulimalize. Usimwahidi la pili kabla la kwanza halijaonekana.

Upande mwingine nao upo, nisije nikakuharibu. Kuna meneja wa ofisi anapendwa kila kona, anakopesha watu kutoka pesa ya ofisi "mpaka mwisho wa mwezi", ruhusa anatoa kwa mdomo, utani siku nzima, na printa haina wino. Utani wenyewe huku ni mzuri, Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana ofisini kazi inakwenda na vicheko, na mtani anaweza kukwambia ukweli ambao mwingine angeuogopa, ila utani una wenyewe na wewe mgeni usiuanzishe, subiri uingizwe, na usiutumie kamwe kumkosoa mtu kazi. Google waliwahi kuchunguza mameneja wao, mradi waliuita Project Oxygen, wakatoa tabia 8 za meneja mzuri: ya kwanza ilikuwa kuwa mlezi mzuri wa watu wake kikazi, na ujuzi wa kiufundi ukawa wa mwisho. Watu wanapenda kuinukuu hiyo kudharau ujuzi. Ulikuwa wa nane lakini kwenye orodha ulikuwemo, na wale walikuwa wahandisi wa kompyuta, kila mtu pale ufundi alikuwa nao tayari. Mafaili yako usiyaache.

Na kuwa na watu hakukuzuii kutoa onyo. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinataka mtu akishtakiwa kwa kosa la nidhamu aelezwe kosa, apewe muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida usipungue saa 48, na aruhusiwe kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Wengi wanaona huo ni urasimu. Mi naona hizo saa 48 zinakusaidia na wewe, hasira zinashuka. Mtu aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ukizungumza na hao wanaopeleka utasikia kitu cha kushangaza, kosa wengi wanalikubali, kilichowapeleka ni kwamba barua ilisomwa mbele ya wenzake, au alipewa na mlinzi getini. Barua ya onyo mpe mkononi mwenyewe, ukiwa umekaa, ongea kabla hajaifungua.

La mwisho, hilo la tathmini ijayo. Usiende na maneno ya "nimejirekebisha", bosi wako ni mtu wa kuona vitu. Chukua kaunta buku, kila jambo linapoharibika andika lilitokea saa ngapi na wewe ulijua saa ngapi, na nani alikwambia. Lile lori litakuwa mstari wa kwanza: Jumamosi, Jumanne. Baada ya miezi mitatu angalia kama ule muda wa katikati unapungua na kama majina ya wanaokwambia yanaongezeka. Mwanzoni matatizo kwenye daftari yataonekana yamekuwa mengi, usiogope na umwandae bosi mapema, mweleze zile wodi. Na kwa mzee wa stoo nenda wiki hii, maana mbolea ya msimu ikianza kushushwa hata nafasi ya kunywa naye chai hutaipata.